Glaida, boti au kamba ya vipimajoto: uchague nini kufuatilia majira ya majini

Msimu unaoamua mwaka mzima wa viumbe wa majini mara nyingi ndio msimu ambao hakuna mtu majini. Kule Antaktika ni majira ya baridi. Jua hupotea kwa wiki au miezi kadiri unavyoikaribia ncha, barafu ya bahari hutanuka kutoka takriban kilomita za mraba milioni 3 mwezi Februari hadi milioni 18 hivi mwezi Septemba, na meli za utafiti karibu zote zimekwisha kuondoka. Kwetu Kigoma ni kiangazi. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kuanzia Mei hadi Septemba na ziwa huchafuka. Ndani ya miezi hiyo hiyo, mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa hiyo hata mitumbwi ya taa ambayo mtafiti angeomba kupanda haikuwa majini.

Vijana kadhaa wa hapa wanaosomea sayansi ya maji na uvuvi wamenijia na swali moja: tukipata fedha za kuanzia, tutafute glaida kama zile zinazozunguka Antaktika, au tubaki na boti na chupa za sampuli? Ni swali zuri, na halijibiwi kwa kusema kipi ni cha kisasa zaidi. Linajibiwa kwa kuangalia unauliza nini: unataka kujua lini, unataka kujua wapi, au unataka kujua nani, yaani ni viumbe gani? Nitalinganisha vyombo hivi kwa maswali hayo matatu, kwanza kule kwenye barafu ambako glaida zimeshajaribiwa vya kutosha, kisha hapa kwetu.

Glaida inavyokwenda

Glaida ni roboti ya chini ya maji yenye umbo la kombora fupi, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, uzito wa kilo 50 hadi 70 hivi, na mabawa mawili. Aina za kawaida hazina panga la kusukuma. Ndani mna pampu inayobadilisha ujazo wa chombo kwa kiasi kisichozidi lita moja. Ujazo ukipungua, glaida inakuwa nzito kuliko maji inayoyasukuma kando, nayo inazama, ukiongezeka, inapanda. Mabawa hugeuza kule kuzama na kupanda kuwa mwendo wa mbele, kama mwewe anayesafiri mbali bila kupiga mbawa. Betri yenyewe husogezwa mbele au nyuma ili pua iinamie chini au juu.

Ndiyo maana haina haraka. Hutembea karibu kilomita moja kwa saa, yaani kilomita 20 hadi 25 kwa siku, lakini hutumia umeme kidogo mno. Ikiwa na betri za lithiamu inaweza kukaa majini miezi kadhaa. Mwaka 2009 glaida ya Chuo Kikuu cha Rutgers iliyoitwa Scarlet Knight ilivuka Atlantiki kutoka New Jersey hadi Hispania kwa siku 221, kwa kupanda na kushuka tu. Aliyeieleza ndoto hii kwa maandishi ni mwanasayansi wa bahari Henry Stommel, mwaka 1989, akishirikiana kwa mawazo na mhandisi Doug Webb. Glaida ya Webb ikapewa jina la Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga.

Kila inapoibuka, glaida huchukua mahali ilipo kwa GPS, hutuma data kwa setilaiti na kupokea maelekezo mapya. Mtu aliyekaa mezani anaweza kuigeuza njia usiku wa manane. Tumboni hubeba vihisi vya joto, chumvi, kina, oksijeni, na mwanga unaorudishwa na klorofili, ambao hukuonyesha wingi wa fitoplanktoni, mimea ile midogo mno inayolisha kila kitu majini. Nyingine hubeba kifaa cha mwangwi kinachohesabu makundi ya samaki au ya krili, vinyama vya baharini vinavyofanana na uduvi.

Glaida na meli, kule Antaktika

Meli ya utafiti ya nchi za barafu hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa siku moja. Kwa gharama hiyo unapata kila kitu: nyavu, maabara, darubini, watu wanaojua kutofautisha spishi, na uwezo wa kuteka maji kutoka kina chochote na kuyachuja siku ileile. Unachokosa ni muda. Meli inafika, inapita mstari wake kwa wiki chache, inaondoka. Kama fitoplanktoni ziliongezeka kwa kishindo siku kumi kabla haijafika, rekodi itasema mwaka ule ulikuwa dhaifu, kumbe ulikuwa mzuri.

Tatizo hili ni kubwa kwenye ncha kuliko mahali pengine, kwa sababu kule majira hayaji polepole. Mwanga unarudi, barafu inayeyuka, maji yake yasiyo na chumvi yanatanda juu ya maji mazito ya chumvi na kuyafunika. Fitoplanktoni zilizokuwa zikichanganywa hadi gizani sasa zinabaki juu penye mwanga, na ndani ya wiki chache chakula cha mwaka mzima kinazalishwa. Krili wa Antaktika, mnyama anayefikia sentimita 6, hula pale. Pengwini, sili na nyangumi wanamla yeye. Ukikosa wiki hizo umekosa sehemu kubwa ya mwaka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wamarekani. Mpango wao wa kufuatilia viumbe hai wa Antaktika ulihesabu krili kwa meli kwa takriban miongo mitatu kwenye Rasi ya Antaktika. Msimu wa 2018/19, badala ya meli, wakapeleka glaida zenye vifaa vya mwangwi kwenye mlango-bahari wa Bransfield na karibu na Livingston Island, zikafanya kazi ile miezi yote ya kiangazi cha kusini. Naupenda mfano huu kwa sababu uamuzi ulifanywa na watu waliokuwa na rekodi ndefu ya meli mkononi, wakijua wanachokipoteza. Kifaa cha mwangwi kinakwambia kuna kitu kingi mita 80 chini, lakini hakikupi urefu wa krili mmoja mmoja wala umri wake, na bila urefu huwezi kuugeuza mwangwi kuwa tani kwa uhakika. Urefu huo lazima utoke kwingine: kwenye wavu, au kwenye chakula cha pengwini wanaochunguzwa makoloni yao.

Kwa swali la nani, meli inashinda bila ubishi. Kwa swali la wapi likiambatana na lini, glaida inashinda, na kwa bei ambayo haikaribiani na ya meli.

Barafu ikiifunika glaida mambo hubadilika. Haiwezi kuibuka, kwa hiyo haina GPS wala setilaiti. Kwenye mlango-bahari wa Davis, upande wa ncha ya kaskazini, kati ya Greenland na kisiwa cha Baffin cha Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitega vyanzo vya sauti chini ya maji; glaida husikiliza sauti hizo na kukadiria iko wapi, huku ikijiamulia yenyewe kama kuna upenyo wa kuibukia. Inawezekana, imefanyika, ila kazi hiyo inahitaji timu yenye uzoefu wa miaka. Na hata barafu ikishayeyuka, yale maji mepesi ya juu yanaweza kuizuia. Glaida iliyopimwa uzito kwa maji ya chumvi hukosa nguvu ya kupenya tabaka la maji matamu na kufika juu. Shikilia hoja hii, maana itaturudia tukifika Kigoma.

Mahali ambapo glaida hushindwa na kamba iliyofungwa nanga

Wengi hulinganisha glaida na meli halafu wakaishia hapo. Mimi naona mpinzani wake wa kweli ni kitu cha kawaida kuliko vyote: nanga chini, boya lililozamishwa juu yake, na vihisi vimefungwa kwenye kamba kati yake.

Glaida inapotembea, mahali na wakati vinabadilika pamoja. Jumatatu imepima maji ya joto, Ijumaa imepima maji ya baridi kilomita 100 mbele. Je, msimu umegeuka, au imeingia tu kwenye maji mengine? Kwa data ya glaida moja pekee mara nyingi huwezi kusema. Watafiti wenye busara huizungusha kwenye mstari mmoja mfupi, kwenda na kurudi, ili ipite mahali palepale mara nyingi. Lakini ukifika hapo umeshaanza kuifanya glaida kazi ya kamba, na kamba ni rahisi zaidi.

Ushahidi mzuri ni ugunduzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Bahari ya Aktiki, ile ya ncha ya kaskazini, wakati wa usiku mrefu wa baridi. Wanyama wadogo wa majini, ambao kwa kawaida hupanda juu usiku na kushuka mchana kujificha, walitazamiwa watulie kwa kuwa jua halipo kabisa. Vifaa vya mwangwi vilivyofungwa kwenye nanga sehemu mbalimbali za Aktiki vilionyesha kuwa hawakutulia. Walikuwa wakifuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu walizama hadi mita 50 hivi, wakikwepa wawindaji wanaoona kwa mwanga wake. Jambo hilo lingekuwa gumu mno kuligundua kwa meli au kwa glaida iliyopita mara moja. Lilihitaji kifaa kilichokaa mahali pamoja miezi na miezi, kikisikiliza gizani.

Nilipomsimulia hilo mzee mmoja mvuvi pale Kibirizi, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji hulowesha. "Mwalimu," akaniambia, "sisi mbalamwezi hatuingii. Dagaa wanatawanyika, taa inakosa kazi. Hao wa kwenye barafu nao wana mwezi ule ule." Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wameipanga kazi yao kwa mwezi miaka yote, kwa sababu taa huvuta samaki pale tu giza linapokuwa nene. Kinachonigusa ni kwamba rekodi yao, ile ya kukaa mahali pamoja mwaka hadi mwaka, ni ya aina moja na ya ile kamba ya Aktiki. Wao wanalijua swali la lini kuliko yeyote aliyekuja na boti kwa wiki mbili.

Ukiileta glaida Tanganyika

Tuanze na uzito. Maji ya bahari yana uzito wa karibu kilo 1,025 hadi 1,028 kwa mita ya ujazo, maji ya ziwa letu ni karibu kilo 1,000. Glaida yenye ujazo wa lita 60 iliyosawazishwa kwa bahari, ukiitia ziwani, itakuwa nzito kupita kiasi kwa karibu kilo moja na nusu. Pampu za glaida nyingi haziwezi kufidia tofauti hiyo, kwa hiyo itazama moja kwa moja. Lazima isawazishwe upya kwa maji matamu, kwenye tangi, na fundi anayejua, kabla haijagusa ziwa. Si jambo la kutisha. Glaida zimekwisha kufanya kazi kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, likiwemo Superior. Lakini mtu akikuahidi kukuazima glaida iliyotoka baharini jana, hilo liwe swali lako la kwanza.

Kuhusu kina hali ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ziwa lina mita 1,470 mahali penye kina zaidi, na glaida nyingi za kina kirefu huishia mita 1,000. Wapo wanaosema basi haifai. Sikubaliani nao. Katika Tanganyika oksijeni huisha mapema, kati ya mita 100 na 200 na zaidi kidogo kutegemea uko kaskazini au kusini na ni msimu gani. Chini ya hapo hakuna samaki, na maji yana salfidi ya hidrojeni. Uhai wote wa dagaa na migebuka uko kwenye tabaka hilo la juu. Glaida ya mita 200, ambayo ndiyo nyepesi na ya bei ya chini, inatosha kabisa.

Sasa majira yenyewe, maana hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Yanarundikana upande wa Burundi na Kigoma, na kule Mpulungu, Zambia, maji ya baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini kuchukua nafasi yao. Mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi unainama: chini zaidi kaskazini, juu zaidi kusini. Upepo ukiacha, Septemba kuelekea Oktoba, maji yaliyorundikana yanarudi, na mpaka ule huanza kupanda na kushuka ziwa zima, mzunguko mmoja ukichukua wiki tatu hadi tano hivi. Kila unapopanda huleta rutuba karibu na mwanga. Fitoplanktoni hufuata, halafu wanyama wadogo, halafu dagaa.

Pima sasa mwendo wa glaida. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670. Kwa kilomita 20 hadi 25 kwa siku, glaida itatoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa takriban mwezi, yaani muda uleule ambao mpaka wa joto unapanda na kushuka mara moja. Itakupa picha ya kuvutia isiyoeleweka, kwa sababu inasafiri sambamba na mabadiliko inayotaka kuyapima. Kwa hiyo wazo la kuituma kutoka Kigoma hadi Mpulungu, ambalo kila kijana huja nalo kwanza, mimi silipendekezi kwa glaida moja. Kinachofaa ni kuikatisha ziwa kwa upana, kutoka upande wetu kuelekea Kongo na kurudi. Upana wa wastani ni kama kilomita 50, safari ya siku mbili hadi tatu. Hapo inapita pale pale mara nyingi kuliko mpaka wa joto unavyobadilika. Lakini katikati ya ziwa kuna mpaka wa nchi, na kifaa cha kupima kinachoibuka na kutuma data maji ya nchi nyingine bila kibali ni tatizo la kidiplomasia hata kama kinahesabu dagaa tu.

Linganisha na kamba ya vipimajoto iliyofungwa nanga mbele ya Kigoma. Haihitaji kibali cha nchi ya pili. Inapima kila dakika kumi, mwaka mzima, kiangazi na masika. Kipimajoto kimoja kinachojirekodi chenyewe hakifikii bei ya simu nzuri ya mkononi, wakati glaida moja mpya inazidi dola 100,000 kabla ya betri, bima, mawasiliano ya setilaiti na mafunzo. Na betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mizigo hatari kwa ndege. Kuzifikisha Kigoma ni kazi yenye karatasi zake.

Hata hivyo kamba ina sharti moja ambalo watu hulidharau. Maji ya juu ya ziwa letu huwa na nyuzi 24 hadi 29, na ya chini kabisa yana nyuzi 23 na ushei. Tofauti yote ya juu na chini ni nyuzi chache. Kipimajoto kinachokosea kwa nusu nyuzi hakifai chini ya mita 100, maana kosa lake litakuwa kubwa kuliko mabadiliko unayoyatafuta. Tafuta kinachokosea kwa sehemu ya kumi ya nyuzi au chini ya hapo. Kabla ya kuvifunga, tia vyote pamoja kwenye pipa moja la maji usiku kucha na ulinganishe visomo vyao; fanya hivyo tena ukivitoa. Kazi hii ya pipa ndiyo hufanya rekodi ya miaka mitano iaminike.

Adui wa kamba ni wavu na tamaa. Boya linaloonekana litavutwa, litakatwa au litachukuliwa. Lizamishe mita 15 hadi 20 chini ya uso, na kabla ya kushusha nanga kaa na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, wa mialo ya karibu, wajue ni nini, kiko wapi na kwa faida ya nani. Glaida nayo ina hatari hiyohiyo, pengine zaidi. Ni ya rangi ya njano, inaibuka usiku katikati ya mitumbwi ya taa, na mvuvi aliyeipata kwenye wavu wake bila kuambiwa kitu ana haki ya kushangaa.

Boti bado ina nafasi yake

Boti la mbao lenye injini, chupa ya kuteka maji kwa kina, wavu wa planktoni na kisahani cha Secchi, kile cheupe au cheupe na cheusi kinachoshushwa hadi kipotee machoni, vinajibu swali la nani ambalo glaida na kamba haziligusi. Dagaa wetu ni spishi mbili, na hazifanyi mambo sawa. Mwangwi haukuambii ipi ni ipi kwa uhakika. Miaka ya 1990 mradi mkubwa wa FAO uliofadhiliwa na Finland ulipima samaki wa ziwa zima kwa mwangwi kutoka kwenye meli, na bado ulihitaji nyavu na watu kwenye mialo kupima urefu wa samaki. Hilo halijabadilika.

Udhaifu wa boti ni uleule wa meli ya Antaktika: siku ya upepo haliendi. Rekodi ya boti peke yake itakuwa na matobo kiangazi, msimu unaohitajika zaidi. Kama huna kingine, ni bora siku moja kila mwezi, mahali palepale, saa ileile, kwa miaka mitatu, kuliko siku ishirini mfululizo mwezi mmoja.

Neno kuhusu saa, kwa sababu linawahusu wote wanaopima klorofili, wa barafuni na wa Kigoma. Jua kali la mchana huzima kwa muda ule mwanga unaorudishwa na fitoplanktoni za juu, na kihisi husoma kidogo kuliko kilichopo. Linganisha usiku na usiku, au alfajiri na alfajiri. Ukichanganya, utaona mabadiliko ya majira ambayo ni jua tu.

Setilaiti nazo zisisahaulike: picha za joto la uso na rangi ya maji ya Tanganyika zipo bure mtandaoni, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huona uso tu, na masika mawingu huzifunga macho. Kwenye ncha usiku wa baridi hazioni rangi kabisa. Maboya ya Argo yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila siku kumi ni mazuri kwa bahari kubwa, lakini hayaongozwi, kwa hiyo ziwani yangeishia ufukweni. Sili-tembo waliobandikwa vihisi kichwani wameleta vipimo vya chini ya barafu ambavyo hakuna meli iliyowahi kuvipata, na nawaheshimu sana wanyama hao. Ziwani kwetu hatuna wa kumbandika.

Ningechagua hivi

Kwa anayechunguza majira ya bahari za barafu na ana bajeti ya taasisi: glaida kwanza, mbili kama inawezekana ili moja ibaki kwenye mstari wakati nyingine inatembea, na siku chache za meli kwa ajili ya nyavu. Kamba ya nanga iachwe majini msimu wa baridi glaida zitakapokuwa zimetolewa.

Kwa kikundi cha Kigoma chenye fedha za kuanzia, kamba ya vipimajoto na vihisi viwili vya oksijeni, kimoja juu na kimoja karibu na mita 100, pamoja na boti mara moja kwa mwezi. Bila kusita. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya Tanganyika, na kwamba uzalishaji wa fitoplanktoni huenda umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Swali lililo mbele ya familia zinazokula na kuuza dagaa ni kama kiangazi bado kinachanganya maji kama zamani. Hilo ni swali la lini na kiasi gani, mahali pamoja, miaka mingi. Ni swali la kamba.

Glaida ileteni mwaka wa tatu, kwa kuazima, kuanzia katikati ya Septemba hadi Novemba, wakati mpaka wa joto unapoanza kuyumba. Kamba itakuwa imeshawaambia mzunguko unachukua siku ngapi, na glaida itaonyesha rutuba inafika upande gani wa ziwa kwanza. Wakati huo itakuwa na kazi ya kweli ya kufanya.

Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta na bando tu, chaguo lipo. Data za glaida nyingi za Marekani, zikiwemo za Antaktika, zimewekwa wazi kwenye kituo cha data za glaida cha IOOS, mtandao wa Marekani wa kufuatilia bahari. Zipakue, chora joto na klorofili kwa kina na kwa tarehe, jaribu kutambua siku ambayo msimu uligeuka. Ukiweza kutenganisha wapi na lini kwenye data za Bransfield, utaweza pia kwenye za kwetu zitakapokuja.

Na mtu akifika na glaida yake tayari, akitaka mshirika wa hapa, muulize haya kabla ya kutia saini: imesawazishwa kwa maji matamu? Kibali cha upande wa Kongo kimeombwa na nani? Nani atailipa ikiharibu wavu wa mvuvi, na nani atamlipa mvuvi atakayeirudisha? Data zitakaa wapi, na TAFIRI Kigoma, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, itazipata siku ileile wanayozipata wao, au baada ya wao kuchapisha?